Bi Mwanamkuu na Herufi Tatu Ndani ya Bangili

Baada ya kuzitilia shaka dhahabu za Kibaha na Kisarawe kwa miaka thelathini na mmoja, Bi Mwanamkuu Zubeir anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Uongozi wa Tulizo Usonara ulitaka wasifu huu uandikwe na mtu wa kukodiwa, mwenye lugha ya sherehe. Bi Mwanamkuu akauliza huyo mtu ni nani, ametokea wapi, na kwa nini anataka kumwandika mtu asiyemjua. Mwisho kazi ikamwangukia Adventina wa kaunta ya mauzo, ambaye amekaa naye meza kwa meza miaka mingi na ameshukiwa naye mpaka akazoea.

Alianzia karakana yetu ya Kisarawe mjini, enzi hizo hatuna duka, tuna chumba kimoja, moto na nyundo. Kazi yake ilikuwa kung'arisha vito vilivyotoka kwa fundi. Huko ndiko alikogundua kwamba pete mbili zinaweza kung'aa sawasawa, moja ikawa dhahabu na nyingine shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu. Tangu siku hiyo, jamani, hakumwamini tena mtu wala chombo. Mzee Khalfani, mwenye duka, alipofungua tawi la Maili Moja pale Kibaha, alimhamishia huko akamkabidhi kaunta ya vipimo. Hiyo ndiyo kaunta ya mtu anayekuja kutuuzia kito chake, na kabla hatujakinunua lazima tujue ni dhahabu ya kiwango gani.

Kwa wageni waalikwa wasioijua kazi hii, maelezo kidogo. Dhahabu tupu ni karati ishirini na nne, lakini ni laini mno, ukiivaa kila siku itapinda. Kwa hiyo masonara huichanganya na shaba au fedha ili iwe ngumu. Ya karati ishirini na mbili ina sehemu ishirini na mbili za dhahabu na mbili za mchanganyiko. Ya kumi na nane ni robo tatu tu ya dhahabu, na ndiyo maana ndani yake utakuta pamegongwa 750, yaani mia saba na hamsini katika kila elfu. Mpimaji husugua kito kwenye jiwe jeusi kikaacha mstari, kisha huudondoshea tindikali ya kiwango kile anachoambiwa. Mstari ukibaki, kito kimesema kweli. Ukififia, kuna mtu kadanganya, na Bi Mwanamkuu huanza kumtafuta kwa macho humo humo dukani.

Neno lililomgombanisha na wateja kuliko yote ni "safi". Mama mmoja wa mtaa wa Picha ya Ndege alileta mkufu wake kuuza. Bi Mwanamkuu akaupima, akamwambia dhahabu hii si safi. Mama wa watu akawaka! Mkufu ameusugua asubuhi ile ile kwa dawa ya meno na mswaki mpya, leo anaambiwa mchafu mbele za watu? Ilibidi sisi wa kaunta ya mauzo tuingilie kati, tueleze kwamba usafi unaosemwa hapa hauhusiani na kuoshwa, ni kiasi cha dhahabu kilichomo ndani. Mama akaelewa, ila akaondoka akisema atamtafuta mpimaji mwenye adabu. Bi Mwanamkuu naye akabaki anajiuliza kwa nini mtu akioshe kito kwa bidii namna ile siku anayokwenda kukiuza.

Mwenzetu Elinipa wa hesabu alipochumbiwa, alikuja kazini ananing'iniza mkono ili tuione pete. Sisi tukapiga vigelegele. Bi Mwanamkuu akaivua pete kidoleni, akaenda nayo kwenye jiwe, ndipo akarudi kutoa hongera. Mchumba alikuwa amesema ni ya kumi na nane, na kweli ilikuwa ya kumi na nane. Ungedhani mambo yangeishia hapo. Wapi! Alimshuku yule kijana zaidi kuliko mwanzo, akasema mwanamume anayesema kweli yote kuhusu pete lazima kuna jambo jingine anaficha. Elinipa yuko kwenye ndoa hadi leo, na Bi Mwanamkuu hadi leo anamuuliza kama bado hajaligundua.

Ile methali ya ving'aavyo alikuwa haitaki kuisikia. Alisema dhahabu yenyewe ikikaa sandukuni miaka haing'ai, na bati jipya linang'aa, basi methali hiyo imemsaidia nani? Wenye sumaku mfukoni nao walimchosha. Kila siku atakuja mtu aliyeambiwa mtaani kwamba dhahabu haivutwi na sumaku, basi kakinunua kito kwa kipimo hicho. Bi Mwanamkuu humuuliza kama amewahi kuiona sumaku ikivuta shaba.

Lakini haki yake apewe: yeye mwenyewe alitaka ashukiwe. Mizani yake ilimwelekea mteja kila siku, si yeye. Alimwambia kila muuzaji asikubali kito chake kipelekwe chumba cha nyuma, mawe yaliyopachikwa yasipimwe pamoja na dhahabu, na kabla ya kutuuzia sisi aende akapime kwanza mahali pengine. Mzee Khalfani akisikia hivyo alikuwa anatoka nje kupunga hewa, maana mfanyakazi wake mwenyewe anawaelekeza wateja mlango. Wengi wao walirudi. Bi Mwanamkuu aliwauliza wamerudi kwa nini.

Jambo moja alilokuwa nalo peke yake, na ambalo vijana wa sasa hawana subira nalo, ni kupima mahali pawili. Wapimaji wengi husugua mwili wa kito tu, wakasoma kiwango, wakamaliza. Yeye alisugua pia kwenye maungio, pale ncha mbili zilipounganishwa kwa moto. Alisema uongo haukai uwanjani, unakaa kwenye maungio. Tulimcheka kwa hilo, hasa foleni ikiwa ndefu, mpaka mwaka jana ilipokuja ile familia ya Kurui.

Waliingia watatu. Mbele alikuwa Bi Mwanaamina, mama wa makamo aliyejitanda kanga ya msiba ingawa arobaini ilishapita. Nyuma yake mpwa wake, Ashrafu, anayelima na kuuza mihogo huko huko Kurui. Wa mwisho, karibu na mlango, Raudha, mke wa Ashrafu, ambaye hatukumsikia akisema kitu zaidi ya shikamoo. Bi Mwanaamina akaweka bangili moja kaunta, akasema ni ya marehemu mama yake na wamekuja kuiuza ili wagawane mirathi.

Bi Mwanamkuu akauliza swali lake la kila siku: atajuaje kuwa ni ya marehemu? Bi Mwanaamina alikuwa amejiandaa. Mama yake, alisema, aliitwa Kuruthumu Dihenga Mwinyimadi, na jina limegongwa ndani ya bangili. Akaigeuza atuoneshe. Kweli, ndani kulikuwa na herufi tatu, ndogo lakini zinasomeka bila lenzi: K, D na M.

Hapo mwandishi wa wasifu huu alifunika mdomo kwa mtandio ili asicheke, kwa sababu herufi hizo kila mtu wa usonara anazijua. Bi Mwanamkuu akamkanyaga mguu chini ya meza, akamkanyaga hasa. Alitaka kusikia habari yote kabla ya kusema lolote, na habari ikatoka.

Marehemu alikuwa na bangili mbili, pacha. Moja alimpa Bi Mwanaamina siku alipoolewa, na hiyo hapo ilikuwa mkononi mwake. Nyingine alibaki akiivaa mwenyewe. Katika ugonjwa wake wa mwisho aliyemuuguza, akamwogesha na kumlisha, ni Raudha. Alipofariki, mkono ulikuwa mtupu. Ikapita miezi, Raudha akaenda kwenye harusi ya jirani amevaa bangili, akaivua ili aoshe vyombo, Bi Mwanaamina akaiokota pembeni ya karo, akasoma. Herufi kwa herufi, jina la mama yake! Raudha alisema bangili amepewa na mama yake mzazi wa Soga, siku ya harusi yake. Nani angemwamini? Ukoo ukakaa, ukakata shauri: bangili iuzwe, Raudha arudi Soga kwa mama yake, na Ashrafu aandike talaka. Ashrafu hakusema ndiyo wala hapana. Alisimama pale dukani anatazama vioo vya makabati.

Basi ndoa ya mtu na jina lake vilikuwa juu ya kaunta yetu, ndani ya bangili moja. Ungetarajia Bi Mwanamkuu aseme mara moja kwamba herufi hizo si za mtu. Hakusema. Yeye alimshuku Raudha kama walivyomshuku wenzake, na labda zaidi. Herufi za kiwandani, alituambia baadaye, hazimwondolei mtu wizi. Akamhoji yule binti mbele yetu: bangili ilinunuliwa wapi, mama yako aliipata lini, nani alikuwepo akikupa, kwa nini hukuivaa bibi alipokuwa hai? Raudha akajibu yote, taratibu, macho chini. Mama yake aliletewa na dada yake aliyekuwa akifanya kazi Maskati. Hakuivaa kwa sababu mtu anayeogesha mgonjwa havai bangili. Bi Mwanamkuu akaguna. Majibu yalikuwa mazuri kupita kiasi kwa ladha yake. Raudha alianza kulia, bila sauti, na hakuna aliyempa hata kitambaa.

Kisha Bi Mwanamkuu akamgeukia shangazi. Akamuuliza, kama mtu anayepiga soga tu, hizo bangili pacha zilitengenezwa wapi. Bi Mwanaamina akajibu kwa fahari: Kisarawe mjini, yeye akiwa mtoto mdogo, kwa fundi mmoja, siku moja, alikaa mlangoni na mama yake mpaka zote mbili zikaisha. Ana hakika? Ana hakika, yuko tayari kula yamini. Bi Mwanamkuu akanyoosha mkono, akaomba na ile bangili iliyokuwa mkononi mwake.

Bi Mwanaamina akasita. Hakuja kuuza hiyo. Bi Mwanamkuu akamwambia anayedai pacha sharti aoneshe pacha mwenziwe, na mkono wake ukabaki pale pale umenyooka. Bangili ikavuliwa.

Akasugua mwili wa ile ya shangazi. Tindikali ya ishirini na mbili ikadondoka, mstari ukabaki. Akasugua mwili wa ile ya Raudha, mstari ukabaki vilevile. Bi Mwanaamina akamtazama Ashrafu kama kusema umeona? Ndipo Bi Mwanamkuu akageuza bangili ya shangazi, akatafuta maungio kwa ukucha, akasugua hapo. Tindikali ikaula ule mstari ukaisha wote. Akasugua maungio ya bangili ya Raudha. Mstari ukakaa, wa manjano, imara. Akarudia zote mbili, maana na mikono yake mwenyewe huishuku.

Ndipo akaeleza. Fundi wa zamani alipotaka kuunganisha bangili, alitumia dhahabu iliyochanganywa sana, ili iyeyuke kabla ya bangili yenyewe. Kwa hiyo mwili ni wa ishirini na mbili lakini maungio yako chini, na muuzaji asiyejua hilo hushangaa kito chake kikiyeyushwa kinapungua kiwango. Baadaye huko ng'ambo wakapata mchanganyiko mwingine wa kuunganishia, wenye madini ya kadimiamu, unaoacha maungio na karati ile ile ya mwili. Wenye viwanda wakawa wanajivunia jambo hilo, wakagonga herufi hizo tatu kumjulisha mnunuzi. Siku hizi wengi wameuacha, moshi wake unawadhuru mafundi. Bangili hizi mbili hazikutoka kwa fundi mmoja. Fundi wa Kisarawe wa utoto wa Bi Mwanaamina hakuwahi hata kuziona hizo herufi.

Bi Mwanaamina alikuwa mgumu. Alisema maungio ni maneno ya mafundi, jina la mama yake ni jina la mama yake. Bi Mwanamkuu hakubishana. Akafungua droo ya vito tulivyonunua kwa wateja, akachambua, akaanza kumpangia bangili kaunta moja baada ya nyingine, upande wa ndani ukiwa juu. Moja ya Mlandizi, moja ya Maneromango, nyingine ya Kongowe. K, D, M. K, D, M. K, D, M.

"Hizi nazo ni za marehemu?"

Bi Mwanaamina akavaa bangili yake, akavuta kanga yake usoni, akatoka. Ile ya bibi haijapatikana hadi leo. Bi Mwanamkuu ana mtu anayemdhania, na tumembembeleza sana atuambie, hasemi.

Ashrafu akamwambia mkewe waende nyumbani, yameisha. Raudha akaichukua bangili yake. Hakuivaa, aliifunga kwenye pindo la kanga. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba waliamua arudi Soga, naye anakwenda Soga. Akaondoka na bodaboda, mume amesimama barazani.

Siku ile Bi Mwanamkuu hakugusa chakula. Tulimwona ameumia, na si desturi yake kuonekana ameumia. Jumapili iliyofuata alifunga safari mwenyewe mpaka Soga, akaiulizia nyumba kuanzia stesheni mpya ya treni, akamkuta Raudha na mama yake wanapepeta mchele. Alikwenda kuomba radhi. Alimwambia binti kwamba alimhoji kama mwizi wakati jibu lilikuwa kwenye maungio, angeanzia huko, na kwamba kule kulia kwake hakumtoki moyoni. Sisi tuliofanya naye kazi tunasema wazi: katika miaka yote hiyo hatukuwahi kumsikia akiomba radhi, hata kwa yule mama wa mkufu safi. Raudha alimsamehe. Mumewe, alisema, hilo ni jambo jingine.

Ashrafu alipeleka wazee Soga mara ya kwanza, wakarudi mikono mitupu. Akapeleka tena. Mara ya tatu alikwenda mwenyewe na kifuta machozi, mkufu wa dhahabu aliosema ni wa karati ishirini na moja. Alikuwa ameuza mihogo ya msimu mzima. Mama mtu akalegea. Raudha akaupokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, akaufunga kwenye kitambaa, akamwambia wakutane Maili Moja.

Ilikuwa mwezi uliopita. Waliingia mmoja mmoja, kila mtu na njia yake. Raudha akamwamkia Bi Mwanamkuu, akaweka mkufu kwenye kaunta ile ile, akaomba upimwe. Ashrafu akasema haraka kwamba aliyemuuzia alimwambia ni ishirini na moja, yeye hana ujuzi wa mambo hayo. Alikuwa anatoka jasho, na feni inazunguka. Mwandishi wa wasifu huu anakiri alimshuku. Elinipa alimshuku, akatoka ofisini kwake kuja kuona. Mzee Khalfani mwenyewe alikuja akajifanya anapanga hereni. Ndivyo tulivyo siku hizi, Bi Mwanamkuu katuharibu wote.

Akasugua mwili, akadondosha, akasubiri. Mstari ukabaki. Akaugeuza mkufu, akatafuta pete ndogo inayoshika kifungio, akasugua hapo kwenye maungio yake. Akadondosha. Akainamisha lenzi. Tulingoja wote, na Ashrafu alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili. Mstari haukuondoka. Bi Mwanamkuu akapima tena, akahamia pete nyingine, akapima mara ya mwisho. Kisha akaufuta mkufu vizuri kwa kitambaa, akausogeza kwa Raudha.

Raudha akauvaa mwenyewe. Alihangaika na kifungio kidogo, Ashrafu akataka kumsaidia, akamzuia kwa mkono. Alipomaliza ndipo akamtazama usoni, na kwa sisi tuliokuwepo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimtazama hivyo.

"Sasa na wewe umepimwa," alimwambia. "Twende nyumbani."

Wakatoka pamoja. Bi Mwanamkuu akawasindikiza kwa macho mpaka walipovuka barabara, akapangusa jiwe lake. Bila sisi kujua, hicho kikawa kipimo chake kikubwa cha mwisho kwenye kaunta hiyo.

Bi Mwanamkuu, wafanyakazi wenzako wa Kibaha na Kisarawe tunakushukuru. Umetufundisha kusugua mahali pawili, na umetuonesha kwamba mtu anaweza kupanda gari hadi Soga kusema nimekosea. Mungu akupe afya, majirani wema, na usingizi usiokatizwa na mashaka. Na tunapokwambia leo kwamba tunakupenda, tafadhali, utuamini hivi hivi.